Wayunani wa Mama na Wayunani Wangu

Nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini kulikuwa na Wayunani wa aina mbili, na hawakupatana.

Wa kwanza walikuwa wa mama yangu, nao walikaa jikoni. Aliwarithi kwa baba yake, aliyekuwa akitibu watu kwa kitabu huko Unguja. Kitabu chenyewe, kilichoandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu, kilikuja nasi Maskati nikiwa mdogo, kimeviringishwa ndani ya shuka. Kwa mujibu wa kitabu kile, mwili wa binadamu una maji manne: damu, balghamu yaani makohozi, safura yaani nyongo ya manjano, na sauda yaani nyongo nyeusi. Kila moja lina tabia yake ya moto au baridi, ya unyevu au ukavu. Yakilingana mtu ni mzima, na moja likizidi mtu anaugua. "Hivyo ndivyo walivyosema Wayunani," mama alikuwa akimalizia, na hapo mjadala ulikuwa umefungwa. Wala si yeye peke yake. Kila mtu wa pwani anayelalamikia baridi yabisi ya magoti anazungumza kama wao, maana yabisi ni ukavu tu, ila hajui kama yeye ni mwanafunzi wa watu waliokufa zamani kiasi hicho.

Wayunani wa pili walikuwa wangu, na hao walikaa kwenye rafu ya sebuleni. Nilisomesha historia katika sekondari ya wasichana mpaka nilipostaafu, na ndani ya kitabu cha darasa Wayunani walikuwa sura moja fupi, kati ya Mafirauni na Warumi. Mimi sura ile niliifanya ndefu. Kila mwaka kwenye maonyesho ya vitabu nilinunua tafsiri za Kiarabu za maandishi yao, na nilipoacha kazi nikakaa nazo mchana kutwa. Nilipenda michezo yao ya kuigiza, ambamo watu wanasimama kundi moja pembeni ya jukwaa wakiyasemea mambo yasiyowahusu. Lakini zaidi nilimpenda yule mzee wa Athene aliyekuwa akizunguka sokoni akiwauliza majemadari ujasiri ni nini, na watu wa dini uchaji ni nini, mpaka kila mmoja akagundua kwamba hakijui kile anachojidai kukijua. Wenzake wakamchoka wakamnywesha sumu. Mimi niliona ametufundisha jambo moja kubwa, kwamba mtu asiamini kitu kabla hajakiuliza. Sikuona wakati ule kwamba yeye aliuliza ili ajue, na mimi nilikuwa nikiuliza ili nikamate.

"Wayunani wako wana maneno mengi," mama aliniambia siku moja, akichambua mchele. "Wangu wanaponesha."

Alikuwa na tabia ya kuwapanga watu kwa maji yao. Kaka yangu wa Azaiba ni balghamu, mzito, mnene, anakubali kila analoambiwa. Mke wa kaka ni safura, mdomo wake unawaka moto. Marehemu baba alikuwa damu, mcheshi, mwenye kupenda wageni. Mimi hakunitaja hata siku moja. Nikimuuliza, alijifanya hakusikia.

Mama alipotimiza miaka themanini na moja moyo wake ulianza kuchoka, na daktari akamwandikia vidonge vitatu vya kila asubuhi. Hapo ndipo tulipomchukua dada wa kazi kutoka Tanzania, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, Mkristo wa Singida, mwembamba, mwenye mikono ya haraka. Kazi yake kubwa ilikuwa mama: kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa. Yeye alimwita mama yangu bibi, na mimi akaniita mama. Haikupita wiki mama naye akawa anamwita mwanangu. Niliona wivu, nasema kweli. Mimi ndiye mwanawe, nami neno lile alikuwa halinipi ila nikiwa na homa.

Kilichonishtua kwanza ni minong'ono. Nikipita kwenye korido nilisikia sauti zao chumbani kwa mama, ya mama ikieleza, ya yule dada ikirudia, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaohifadhi. Nikifungua mlango, kimya. Kitabu cha babu kikiwa mapajani mwa mama, na yule dada amekaa chini, anakunja nguo ambazo zimekwisha kunjwa.

"Mnazungumza nini?"

"Tunazungumza mambo ya kuku," mama alijibu. "Namna ya kumpika."

Namna ya kumpika kuku inahitaji mlango ufungwe? Nikaliweka swali hilo akibani.

Halafu vikaanza kutoweka vyakula. Mimi ni mtu wa mabiringani ya kukaanga, adesi nzito, na papa mkavu aliyepikwa kwa nazi, na juu yake kahawa chungu isiyo na kitu. Ndani ya mwezi mmoja vyote hivyo viliondoka mezani. Nikiuliza mabiringani, naambiwa sokoni yalikuwa mabovu. Nikiuliza adesi, zimeingia wadudu. Badala yake nililetewa supu ya kuku yenye samli, wali wa zabibu, na kila jioni maziwa ya moto yenye tangawizi na asali, kama mwanamke aliyejifungua jana.

"Na papa je?" niliuliza.

"Papa khalas, mama," yule dada alinijibu. Neno hilo, yaani imekwisha, alilipata hapa hapa Omani, na alilitumia kila alipotaka mazungumzo yaishe.

Sasa, papa yule nilimnunua mwenyewe, pande kubwa, wiki ile ile. Nikatoka nikaenda kwenye pipa kubwa la taka ng'ambo ya barabara, nikafungua mifuko yetu kwa mkono wangu, mstaafu wa serikali mzima mimi, mbele ya mabawabu wawili waliokuwa wakinitazama. Papa alikuwemo, mzima, hajaguswa. Nilikaa na jambo lile siku nyingi. Mtu anayeiba chakula akauze au akale, huyo namwelewa. Mtu anayetupa chakula kizuri halafu akasema kimekwisha, huyo ana lake.

Juu ya hayo tumbo likaanza kuniendesha. Si kila siku. Kila baada ya siku kumi hivi, asubuhi moja, naamka na tumbo linanguruma na sitoki chooni mpaka adhuhuri. Daktari wa kliniki alinipapasa akasema ni chakula tu. Nilimuuliza chakula gani, hakujua. Nikaandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni kwa penseli nyekundu, na nikahakikisha yule dada ananiona nikiandika.

Nikayapeleka haya kwenye kundi letu la familia la simu, na hapo nikapata wale watu wangu wa pembeni ya jukwaa. Mke wa kaka akaandika kwamba yeye tangu mwanzo hakumpenda macho yake. Shangazi mmoja akasimulia ya jirani yake aliyelishwa vitu mpaka nywele zikanyonyoka. Binamu akaleta dua ndefu. Kaka yangu, balghamu kama alivyo, akaandika: "Sawasawa." Hakuna aliyeniuliza kama nina hakika. Na mimi, niliyejivunia kuuliza, nilisoma maneno yao yote nikayaamini bila ya swali hata moja.

Basi nikaamua kumpima. Wayunani walipenda sana hadithi za mtu anayejifanya ameondoka, kumbe yupo, anawatazama watu wa nyumba yake nani mwaminifu na nani haini. Nikavaa abaya, nikaaga kwa sauti kwamba nakwenda Azaiba na sirudi kabla ya magharibi. Nikaendesha gari mpaka nyuma ya maduka, nikaliacha hapo, nikarudi kwa miguu baada ya alasiri na jua lile. Nikajibanza kwenye dirisha la jikoni, baina ya mtungi wa gesi na kiyoyozi kilichokuwa kikinidondoshea maji begani. Nilisimama pale karibu robo saa. Kama kuna jirani aliyeniona, Mungu amlipe kwa kunyamaza kwake.

Nikamwona. Alitoa kikopo nyuma ya pipa la mchele, akachota kijiko cha majani yaliyosagwa, akatia kwenye kikombe changu. Kikombe changu kinajulikana, kimevunjika mkono. Akamimina maziwa, akakoroga, akaonja kwa ncha ya kidole, akakunja uso, akaongeza asali. Kisha akakifunika kwa kisahani, na akawa anaimba taratibu wimbo wake wa kanisani.

Sikupiga kelele. Nililirudia gari, nikazunguka, nikaingia nyumbani na magharibi kama nilivyoaga. Kikombe kilipoletwa nikakishukuru, nikaenda nacho chumbani, nikakimwaga kwenye sinki. Niliogopa, na nilijiogopea mimi mwenyewe kabla sijakumbuka kumwogopea mama.

Siku ya pili nilimwendea mama akiwa amekaa kitandani.

"Mama, huyu msichana unamwamini?"

"Nnamwamini."

"Kwa lipi?"

"Kwa kila siku."

Akaninyanyua kidevu akanitazama machoni, jicho moja kisha la pili, kwa muda mrefu. "Usiku unalala?" akaniuliza.

Nikamwambia silali. Nani angelala.

Wiki ile ile, Jumanne, kaka alimchukua mama akakae kwake siku mbili, maana mjukuu wake alikuwa amehitimu Kurani na kulikuwa na shughuli. Tukabaki wawili ndani ya nyumba, mimi na yule dada. Jumatano asubuhi nikabadilisha mwenyewe foronya ya mto wangu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumkataza kuingia chumbani kwangu. Chini ya mto nikakuta kijifuko cha kitambaa cha kijani, kikubwa kama kiganja cha mtoto, kimeshonwa kwa mkono, ndani yake vitu vikavu vinavyochakarika. Nikakitupa sakafuni, nikasoma aya nilizojaaliwa kusoma, kisha nikakiokota kwa kitambaa.

Nikamwita sebuleni. Nikamkalisha mbele ya rafu ya vitabu vyangu. Nilikusudia kumuuliza kwa njia ya mzee wangu wa Athene, maswali madogo madogo, moja linafungua jingine, mpaka mtu afike mwenyewe mahali asipoweza kutoka. Nilijiona hodari.

"Hiki unakijua?"

"Nakijua, mama."

"Umekishona wewe?"

"Nimekishona mimi."

"Na ni wewe uliyekiweka chini ya mto wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na kikopo kilicho nyuma ya pipa la mchele, ni chako?"

Alinitazama. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba nimekuwa nikimchungulia.

"Si changu."

"Cha nani?"

"Mama, naomba umsubiri bibi arudi."

"Nakuuliza wewe. Kina nini ndani?"

"Siwezi kusema. Nimeapa."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Mtu anayepika chakula changu ameapa, kwa nani, ili iweje? Nikaona mganga, nikaona tunguli, nikaona kila kilichosimuliwa na shangazi. Nikamwambia afungashe vitu vyake. Hakulia. Alikwenda akavipanga vidonge vya mama vya siku zijazo juu ya kabati, akataka kuniambia kitu, nikamwambia nimekwisha msikia vya kutosha.

Ofisi ya mawakala waliotuletea yule dada iko Hamriya, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Karani alikuwa Mwomani wa makamo, mwenye miwani, mpole. Akaniuliza sababu ya kumrudisha. Ningeweza kusema hatukuelewana. Wengi husema hivyo na mambo yakaisha. Mimi nilisema uchawi, na nikaweka kijifuko juu ya meza yake.

Aliacha kuandika. Akaniuliza kama nina hakika na ninachokisema, kwa kuwa likishaandikwa neno hilo hakuna nyumba itakayompokea tena, atarudishwa kwao wiki ijayo, na faili lake litabaki hivyo. Nikamwambia nina hakika. Yule dada alikuwa amesimama karibu na mlango, begi lake mkononi. Kiarabu alikuwa akikijua cha jikoni tu, lakini neno lile alilijua. Alisema, "Mama, mwanangu yuko kidato cha nne," na hakusema jingine. Karani akaandika, akakipiga picha kijifuko, akanirudishia. Nikashuka ngazi na nikahisi nimeiokoa nyumba yetu.

Alhamisi mchana kaka akamrudisha mama. Alivua viatu, akakaa, akatazama huku na huku.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nikamweleza yote, kwa mpango, tangu minong'ono mpaka Hamriya, kama ninavyosomesha. Mwisho nikamwekea kijifuko mapajani. Alikichukua, akakinusa.

"Babunaji na rihani," alisema. "Na mbegu za saladi. Ya kuleta usingizi."

"Usingizi wa nani?"

"Wako. Nani mwengine asiyelala humu ndani?"

Kaka yangu akasimama, akasema anakwenda kuliangalia gari, akatoka.

Mama akaniambia. Hakupandisha sauti. "We una sauda. Ulikuwa nayo tangu mdogo kidogo kidogo, lakini toka umestaafu imekujaa. Ni baridi na kavu. Aliyejaa sauda huona shari hata kwenye sahani ya wali, na akishaiona haimtoki. Mabiringani yanaizidisha. Adesi zinaizidisha. Papa na kahawa ndo usiseme. Nkamwambia yule mtoto aviondoe, akupe vya moto na vya majimaji, na kila siku ya kumi akutilie sanamaki ikuharishe, iitoe. Nlimtuma mwenyewe kwa attari wa dawa za majani kule Hamriya akanunua. Kijifuko nlimwelekeza namna ya kukishona, maana mie sindano siioni tena."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mgonjwa wa sauda haambiwi. Ukimwambia, anaitilia shaka dawa."

"Wayunani wamesema hivyo?"

"Nimesema mie. Nlimwapisha yule mtoto kwa Mungu wake, asikwambie mpaka umepona. Kashika neno lake. We umemtoa kwa hilo."

Nilikasirika, na hasira ile mpaka leo sijaitupa yote. Mtu hatiliwi sanamaki ndani ya maziwa yake bila ridhaa yake, hata awe na maji ya rangi gani. Wala siamini kwamba ndani yangu kuna kitu kinachoitwa sauda. Nimesoma, najua kwamba Wayunani walikosea mengi, na hili mojawapo. Lakini nilipojifungia chumbani na hasira yangu nikayapitia mambo niliyoyaona, nilikuta kwamba yote niliyaona sawasawa. Mlango ulifungwa kweli, papa alitupwa kweli, kikombe kilitiwa kitu kweli. Sikukosea hata moja. Nilichokosea ni yule mtu tu, na yeye ndiye aliyekuwa akiongeza asali.

Nikampigia simu, imezimwa. Nikaipigia ofisi, Alhamisi jioni hakuna aliyepokea, na Ijumaa na Jumamosi wanafunga. Siku hizo mama hakunisemesha. Asubuhi nilimwamkia, nikamtilia vidonge vyake vitatu kwenye kiganja, nikamwachia gilasi ya maji, nikatoka kwenda kupiga simu isiyopokewa. Nikawaandikia watu wa kundi la familia kwamba nimekosea. Hakuna aliyejibu isipokuwa kaka. Aliandika: "Sawasawa."

Jumapili asubuhi, baada ya kumpa mama vidonge, nilikuwa Hamriya kabla hawajafungua mlango.

"Ulisema uchawi," karani alinikumbusha, faili likiwa mbele yake. "Sasa unasema si uchawi. Ilikuwa nini?"

"Tiba. Ya majani."

"Alikuwa anamtibu nani?"

"Mimi."

"Ugonjwa gani? Lazima niandike, au neno la mwanzo litabaki."

Nimesomesha mabinti wa mji huu miaka mingi, na kwa nilivyojua mke wa karani yule angeweza kuwa mmoja wao. Nikamwambia aandike wasiwasi. Nikamwambia aandike kwamba mwajiri alikuwa na ugonjwa wa kuwashuku watu, kwamba mama wa mwajiri ndiye aliyeamuru dawa, na kwamba mfanyakazi hakufanya ila aliloagizwa. Aliandika yote kwa hati nzuri. Nikatia sahihi. Akaichana karatasi ya kwanza mbele yangu.

Wakamleta kutoka chumba cha nyuma, walikokaa wanawake na mabegi yao. Hakukaa. Nikamsomea karatasi kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya karani. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia kwamba akitaka kutafutiwa nyumba nyingine faili lake sasa ni safi, na akitaka kurudi kwetu nitashukuru.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu tangu aingie nyumbani kwetu.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo. Hanisemeshi, lakini hajambo."

"Dawa zake za asubuhi nani anampa?"

"Mimi."

"Anazimeza?"

"Nampa na maji."

"Nakuuliza, mama, anazimeza?"

Nikajaribu kukumbuka uso wa mama akimeza, nikakosa. Nilichokumbuka ni mkono wake, kiganja wazi, na mimi nageuka na simu sikioni.

"Vidonge vile hataki," alisema. "Anasema ni vya baridi na vikavu, vitamkausha moyo. Mimi huwa nampasulia tende, naweka kidonge ndani, halafu nakaa naye mpaka ameze; hata vya Azaiba nilivitia ndani ya tende. Bila tende hatii mdomoni. Nilitaka kukwambia siku ile." Alikuwa keshachukua begi lake. "Twende."

Njia nzima hatukuzungumza. Alikaa kiti cha nyuma. Kutoka Hamriya mpaka Khuwair si mbali, lakini foleni ya Jumapili asubuhi haina huruma, na mimi nilihesabu siku kwenye usukani kwa vidole: Ijumaa, Jumamosi, leo.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Miguu yake ilikuwa imevimba, vifundo havionekani, na alikuwa akivuta pumzi fupi fupi. Sijui ilianza lini kuvimba. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Alipomwona aliyeingia nyuma yangu alinyoosha mikono yote miwili, na yule dada akapiga magoti chini, akaibonyeza miguu kwa kidole gumba, akatazama alama iliyobaki. Kisha akalishika pindo la kanga ya mama na kulifungua fundo, bila ya kuomba ruhusa, kama mtu anayejua kilichomo. Vilikuwemo vidonge tisa.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini hukuniambia kama huvinywi?"

Mama aliivuta pumzi kwanza.

"We humu ndani umemuuliza kila mtu kila kitu," alisema. "Na mie nlikuwa nnangoja uniulize."

Yule dada alikuwa amekwenda jikoni na kurudi na sahani ya tende, anaipasua ya kwanza na kutoa kokwa.

"Vya leo tu, bibi," alimwambia. "Vitatu. Halafu mama anatupeleka hospitali."

Mama akafungua kinywa. Nami nikakaa sakafuni karibu nao, nikamtazama koo mpaka kidonge kikashuka.